Bibi ana mambo kibao kichwani ila nikiwasha simu nimrekodi anageuka mgeni rasmi. Naombeni ushauri

MjukuuWaPangani
Wakuu kwema? Nimekwama, mnisaidie mawazo.

Bibi yangu mzaa mama yuko Pangani. Miaka yake mwenyewe hana uhakika, anasema tu wakati wa vita vya Hitler alikuwa wa kubebwa mgongoni. Mwezi wa saba nikaenda kukaa naye wiki nzima. Siku ya pili yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mtoto wa dada yangu kalala mkekani, mimi nikamruka niwahi chaja. Bibi akanipigia kelele "Rudi! Rudi ulikopita! Unataka mtoto adumae?" Ikabidi nimruke tena kurudi nyuma ndo akaendelea na nazi yake kama hakijatokea kitu. Nilicheka, ila usiku nikawa nawaza, haya mambo mama alikuwa anatukataza hivyo hivyo tukiwa wadogo na mimi nimeshayasahau karibu yote, sasa wanangu watayajulia wapi?

Nikanunua kaunta buku nikasema nakusanya kila kitu, miiko, vitendawili, misemo, nyimbo za kubembelezea watoto, yaani vile vitu vya nyumbani ambavyo hakuna mtu anavihesabu kama elimu. Shida ni kwamba nikitoa simu tu bibi anaomba asubiriwe abadili mtandio, anakohoa, anaanza "Kwa kweli sisi wazee wa zamani tulikuwa na mila na desturi nzuri sana..." dakika 40 za hotuba, hamna kitu ndani. Nikizima, hapo hapo anasema "mume wangu nisogezee hiyo pilipili, iweke chini bwana, usinipe mkononi tutagombana." Sasa hiyo si ndo niliyokuwa naitafuta jamani!

Halafu mjomba kanuna, anasema nakusanya mambo ya familia nikauze TikTok. Na mama mdogo akisikia nilichoandika anasema bibi kakosea, sivyo walivyokuwa wanasema. Nimuandike nani sasa?

Karanga_za_Kukaanga
Ngoja wajuzi waje, mi niko siti ya mbele.

Bi_Leso
Mwanangu pole. Mimi ni wa Mombasa, huku bibi twamwita nyanya, na hilo la hotuba lilinipata na wangu. Kosa ni lile neno "mila". Ukimwambia mzee nieleze mila zetu ashajua wataka mambo ya serikali, basi atakupa ya serikali. Usimuulize mila, muulize "mlipokuwa wadogo mlikatazwa nini?" ama "nani alikuchapa na kwa sababu gani?" na umuulize mikono yenu ikiwa na kazi, mnachambua mchele, mnasuka ukili, chochote, mtu hawezi kutoa hotuba huku anatafuta mawe kwenye mchele.

Ruhusa muombe mara moja mapema, umwambie bibi nitakuwa narekodi siku zote nikiwa hapa, ukisema nizime nazima. Kisha simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa karibu yake (si mfukoni, utasikia nguo tu) na feni izime hata kama ni joto.

Lingine, mpe kitu ashike. Mimi nyanya nilikaa naye kwenye kasha lake la leso, hizo mwaziita kanga, tukatoa moja moja. Ilikuweko moja yasema "Umdhaniaye ndiye kumbe siye". Nikamuuliza hii uliinunua ya nini, wee! Kumbe aliivaa siku tatu mfululizo kwa ajili ya jirani mmoja mpaka yule mama akahamisha kikao chake cha jioni akaenda baraza nyingine. Hadithi hiyo hata mamangu hakuwa anaijua. Na usiandike jina la leso peke yake, andika ilivaliwa kwa ajili ya nani na kulikuwa na nini, bila hivyo wabaki na methali ambayo kila mtu anayo.

Chuma_Ulete
Ushirikina mtupu. Pilipili itagombanisha watu vipi? Tafuta hela kijana.

MjukuuWaPangani
@Chuma_Ulete mkuu sijasema naamini, nimesema naandika. Hata hivyo ulipomruka mtoto mara ya mwisho ulirudi au hukurudi? Jibu kwa ukweli.

Chuma_Ulete
Nilirudi. Lakini ni kwa ajili ya mke wangu.

Mzee_wa_Tega
Hilo la mama mdogo kusema bibi kakosea lisikusumbue, hakuna aliyekosea hapo. Andika yote mawili, hili ni la bibi, hili la mama mdogo, na kila mmoja muulize alilisikia kwa nani. Mvua ikinyesha na jua linawaka, sisi tulikuwa tunasema simba anazaa, nikaja kufanya kazi na jamaa wa Kenya akaniambia kwao anayezaa ni fisi. Sasa utamfuta nani? Ukichagua moja eti ndo sahihi umeshaua nusu ya daftari.

Na usiwasafishie Kiswahili. Bibi akisema "nshamwambia" andika "nshamwambia". Vitendawili usiandike swali na jibu tu, andika na ule mchezo wake, kitendawili, tega, watu wanavyoshindwa, kuombwa mji. Mama yangu alikuwa mji mdogo hapokei, ukimpa kijiji anakwambia huko hakuna hata soko nitakula nini.

Tena kazi hii usione haya nayo. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyeishi Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili, ndoa, uzazi, ngoma, mpaka namna watu wanavyosalimiana, ikachapwa Ujerumani 1903. Vitu vya kawaida kabisa kwa watu wa wakati wake. Leo wasomi ndo wanavihangaikia.

Somo_Yako
Niongezee kwenye mambo ya wanawake. Wewe ni mwanaume na ni mjukuu, bibi anakuita mume, utani wote atakupa ila ya unyago hakupi na usimlazimishe. Mtume dada yako. Na akikupa dada yako, hayo yanabaki kwa dada yako, hayaingii kwenye hilo daftari lako. Kuna vitu vimefundishwa ndani ili vibaki ndani, siyo kila kitu ni cha kukusanya.

Halafu mjomba wako hajanuna kwa sababu ya TikTok, kanuna kwa sababu hajaulizwa yeye. Alikuwa anafanya kazi gani?

MjukuuWaPangani
@Somo_Yako alikuwa mvuvi. Umenichoma hapo.

Wa_Muscat
Nawasoma kutoka Muscat. Mimi sauti za bibi yangu nilikuwa nazo kwenye simu moja tu, miaka miwili ya kurekodi, simu ikaanguka baharini siku ya Idi. Bibi kashafariki. Nilichobaki nacho ni vile vipande vitatu nilivyowahi kumtumia dada yangu WhatsApp, na kimoja kati ya hivyo bibi anauliza tu kama nimekula. Ndugu yangu leo hii hii tuma kwenye kompyuta, tuma na kwa mtu mwingine. Na mwanzo wa kila sauti taja tarehe, mahali na nani anaongea, faili likiitwa "sauti 0047" baada ya mwaka hujui ni nani.

MjukuuWaPangani
Wakuu mrejesho. Nilirudi Pangani wiki iliyopita.

Nilimwomba bibi ruhusa siku ya kwanza, nikaweka simu juu ya kanga kama alivyosema @Bi_Leso, tukachambua mchele kilo nne mpaka macho yanauma. Kwa mchana mmoja nimepata miiko 11 na wimbo mmoja nusu (nusu ya pili anasema ataikumbuka akilala). Ukitaja nyoka usiku sema "kamba". Sindano haiazimwi usiku. Nikamuuliza kwa nini haiazimwi, akasema "haiazimwi tu, we unataka kuazima?"

Mjomba ndo balaa. Nilimuuliza swali moja tu la bamvua na maji mafu, akanichorea mwezi kwenye mchanga na fimbo, mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yanajaa sana na kutoka sana, katikati hapo yanalala. Sasa ananipigia simu kila jioni ana la kuongeza na dakika ni zangu.

Jioni nikamsikilizisha bibi sauti yake. Akasikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akasema "Vizuri. Ila hapo nilipomsema mama yako, futa."

Nimefuta. Nyie wenye wazee waulizieni hiyo ya sindano, mkipata jibu leteni hapa mseme na mmelitoa kwa nani.

Karanga_za_Kukaanga
Mama anasema ni sindano na chumvi pia. Nimemuuliza sababu kanifukuza jikoni.