Sura ya zamani, kanuni za kufichwa: mchezo huu wa vifaru umenichosha

Wanajukwaa, nimeuvumilia mchezo huu mpya wa vifaru vya kivita, wenye sura ya kizamani, kwa muda wa kutosha, na sasa uvumilivu umeniishia. Jina lake silitaji. Wanaoucheza watautambua kabla sijamaliza.

Sibishani na wanaousifu kwa picha na sauti. Vile vitone vikubwa vya rangi na mlio wa risasi ikigonga chuma vimetengenezwa na mtu aliyeipenda michezo ya utotoni mwake. Kinachonikera ni namna mchezo unavyomuua mchezaji.

Tuliolelewa na Battle City ya Namco, iliyotoka mwaka wa 1985 na kutufikia baadaye katika mashine za kuiga Famicom (mashine ya michezo ya Nintendo), tunajua kwamba mchezo mgumu si lazima uwe mchezo wa hila. Kila hatua ilikuwa na vifaru 20 vya adui, na vilivyosalia vilionekana kando ya skrini. Mwanzoni kifaru chako kiliruhusiwa risasi moja tu hewani, kwa hiyo ukikosa shabaha kwa mbali ulilazimika kusubiri risasi ile igonge ukuta ndipo upige nyingine, na kusubiri huko ndiko kulikokuponza. Ukimpiga tai wako mwenyewe, yaani alama ya ngome uliyopaswa kuilinda, mchezo uliishia hapo na ulijua nani wa kulaumiwa. Hata mwenzako alipokupiga kwa bahati mbaya (au kwa makusudi, maana tunajuana), kifaru chako kiliganda kwa muda, na ugomvi ukawa wenu wawili, mtengenezaji hakuwamo.

Huu wa sasa, unaochezwa kwa zamu na kujiita mchezo wa mkakati, huniandikia kwamba uwezekano wa kugonga ni asilimia 90. Hesabu naielewa: kwa wastani risasi moja katika kumi itakosa, na siku hiyo nitaumia. Ninachokataa ni kutoelezwa asilimia hiyo imetoka wapi. Juzi niliweka kifaru kizito nyuma ya kichaka, ubavu wake umekingwa na ukuta wa matofali, nikamaliza zamu yangu. Risasi ikachomoka kwenye ukungu, yaani sehemu ya ramani ambayo mchezaji haoni kilichomo, ikavuka ukuta uleule ambao mimi nikijaribu kupiga kupitia hapo naambiwa njia imezibwa, ikakiteketeza. Hakuna ripoti ya pambano wala mstari wa kuonyesha risasi ilikotoka. Kilichojitokeza ni kidirisha cha kuniuzia deraya bora kwa shilingi mia mbili.

Wapo wanaodai kwamba ukungu ndio mkakati wenyewe. Katika Advance Wars ya Nintendo, ya mwaka wa 2001, ukungu upo pia, tena mzito, lakini una kanuni inayosomeka: adui aliyejificha msituni huonekana pale tu kikosi chako kinapokuwa jirani naye. Ukivamiwa, unajua ni upelelezi uliopuuza.

Halafu kuna suala la mtandao. Pambano la mtu mmoja dhidi ya kompyuta linadai intaneti katika kila zamu, hivyo stima ikipotea na ruta ikizimika, nahesabiwa kuwa nimekimbia vita na mafuta yangu yanakatwa. Nilipowaandikia, nilipata jibu la kunakili lililonishauri niboreshe muunganisho wangu, kana kwamba mimi ndiye ninayesimamia transfoma hapa mtaani kwetu Umoja.

Sidai kurudishiwa kila senti. Nadai ripoti inayoonyesha risasi ilikotoka na jinsi asilimia ilivyohesabiwa, na pia mchezo wa peke yako uweze kuendelea bila mtandao. Aliyewahi kupata jibu la maana kutoka kwao alibandike hapa, na aliyeshuhudia ukuta ukipitisha risasi ya adui aweke picha ya skrini, kwa sababu mimi wameniambia kwamba hakuna mwingine aliyelalamika.