Usiku mnamwaga kostiki, asubuhi mnaniuliza bakteria wamekufaje

Wakuu, mnivumilie, leo nimechefukwa. Nahudumia mtambo wa majitaka kwenye kiwanda cha nguo. Jina la kiwanda naliacha, bado nakula hapo.

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, jamaa wa kupausha wamefungulia tangi zima la kostiki, ile alkali kali, kwa mkupuo. Naingia zamu saa moja, mita ya pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndiyo katikati) inasoma 11.6. Moto wa kuchomea methane, gesi wanayotoa bakteria wanaokula uchafu bila hewa, umezimika. Kwenye mfereji wa kutokea, chenga nyeusi zinaondoka na maji, zimelainika kama ukoko uliolala kwenye sufuria. Zile chenga ndiyo mtambo wenyewe! Ni bakteria walioshikamana. Tulizileta kwa boza kutoka kiwanda cha bia, zikachukua karibu miezi minne kuyazoea maji yetu.

Bosi wa uzalishaji ananiambia "ongeza dawa". Dawa gani? Bakteria wa methane wanataka pH ya karibu 7, joto la 35 hivi, na chakula kisichorukaruka. Kuzaana kwao ni kwa mwendo wa kinyonga. Wale wenzao wanaotengeneza asidi huzinduka mapema, hawa wa methane wakiwa bado hoi, kwa hiyo asidi inarundikana. Leo nahangaika kuishusha pH, wiki ijayo nitahangaika kuipandisha.

Na tangi la kusawazisha lipo! Lilijengwa ili maji ya usiku na ya mchana yachanganyike, yapoe, yarekebishwe pH ndipo yaje kwangu. Wameligeuza stoo. Mna madumu ya rangi, mabati, hadi baiskeli ya mlinzi.

Majirani wakilalamikia harufu ya mayai viza, mchafu ni mimi. Harufu inaanzia kwenye magunia ya chumvi ya salfeti mnayotia ili rangi ishike kitambaa. Pasipo hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, tena wanawapora wenzao wa methane chakula. Hiyo gesi huua watu mashimoni, msiichekee.

Kilichonichosha kabisa ni hiki: "Maji yametoka meupe, zima mashine za hewa, umeme ghali." Rangi za azo, aina mojawapo ya rangi za nguo, zikivunjwa bila hewa, rangi inapotea kweli, lakini nyuma zinabaki kemikali ziitwazo amini za aromatiki, na baadhi yake zinasababisha saratani. Ili zivunjwe, nyingi kati ya hizo zinahitaji tangi la pili, lenye hewa, ndilo hilo mnalotaka nilizime. Hapo chini ya bomba letu kuna kina mama wanamwagilia mchicha. Mimi siuli.

Picha ya mita ninayo, na kitabu cha zamu nimejaza kwa peni, siyo penseli. Mwenye tope hai, yaani chenga za bakteria kama zile, karibu na Dar anistue, nahitaji boza mbili. Ila kwanza watoe ile baiskeli.