Vocha ya skuli kwa kila mtoto, mngekubali? Tupeane uzoefu wa ada na michango

Mtoto wa Kikwajuni: Assalam aleikum. Juzi barazani kulizuka ubishi. Jamaa kaja na habari ya Milwaukee kule Marekani, tangu 1990 serikali inamlipia mtoto wa hali ya chini akasome skuli ya binafsi, malipo hayo ndiyo vocha. Anasema na kwetu fedha imfuate mtoto. Mliohangaika na ada, Unguja na Pemba, semeni yaliyowakuta.

Bi Mkubwa Wete: Mie nimepita kote. Wangu alianza ya serikali, anaingia jioni, darasa limejaa mpaka wa nyuma wanaandikia magotini. Kafika la tatu hajui kusoma. Nikauza mkufu, nikamtia ya binafsi. Akasoma, sitosema uongo, haukwisha mwaka akawa ananisomea risiti za dukani. Ukaja msimu karafuu hazikuzaa. Ada nikalipa nusu. Asubuhi mstarini yakasomwa majina ya wanaodaiwa, mbele ya wenzao, wakatolewa nje ya geti. Akarudi kwa miguu, tai kaitia mfukoni majirani wasijue katokea skuli gani. Namuuliza, ananambia leo walimu wana mkutano. Wallahi kile kiuongo chake kiliniuma kuliko deni. Siku ile ingekuja vocha ningeipokea kwa mikono miwili.

Ukutani: Kusomwa majina mstarini... yamenikuta mie mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu: Pole bi mkubwa. Lakini vijana mnaijua 23 Septemba 1964? Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo ili mtoto wa mkulima akae dawati moja na wa tajiri. Michango ikarudi kwa mlango wa nyuma, Dk. Shein akaifuta ya msingi 2015. Sasa fedha ikiondoka na mtoto aliyehama, wanaobaki nani anawanunulia chaki? Chile walianza vocha 1981. Skuli zikawa zinachagua watoto na kutoza nyongeza, wanafunzi wakaingia barabarani 2006 na tena 2011, mpaka 2015 ikapitishwa sheria ya kuyazuia hayo.

Yakhe wa Forodhani: Mwalimu, wako walisoma wapi?

Mwalimu Mstaafu: Hilo halikuhusu.

Yakhe wa Forodhani: Tushajibiwa 😂

Mkaazi wa Micheweni: Watu wa mjini bwana! Huku nikipewa hiyo vocha naipeleka wapi? Ya binafsi ya karibu ni daladala na nauli juu. Sisi banda tumelipandisha wenyewe mpaka kwenye linta, tukaambiwa serikali itaezeka. Mbuzi washahamia.

Mchuma wa Mtambile: Mmenikumbusha marehemu baba. Anadaiwa ada ya kaka yangu, akapakia gunia la karafuu kavu kwenye baiskeli mpaka ofisini kwa mwenye skuli. "Pima, chenji nipe." Mwenyewe jasho linamtoka, maana karafuu huuzwa shirika la serikali tu, akikutwa nazo ni magendo. Kafunga mlango, kafunga na madirisha, harufu ndiyo kwanza inapanda. Mara hodi, mkaguzi wa elimu!

Ukutani: Ikawaje???

Yakhe wa Forodhani: Daraja la kwanza hizo au makonyo?

Mtoto wa Kikwajuni: Jamani, mada ni vocha.

Mkaazi wa Micheweni: Tulia wewe, mwache amalize.

Mchuma wa Mtambile: Baba kalikalia gunia, kanzu imelifunika. Mkaguzi kavuta pumzi, kasema, "Ofisi yenu inanukia vizuri." Kaka kasamehewa muhula mzima, sharti gunia liondoke kabla ya adhuhuri.

Dada wa Chwaka: 😂😂 Tuje kwenye maana. Ukiona mambo yanabana, nenda kwa mwalimu mkuu mapema, muandikishane kulipa kidogo kidogo, udai karatasi yenye muhuri.

Yakhe wa Forodhani: Usiandikishane na mtu! Mrudishe ya serikali, ile ada mpe mwalimu wa tuisheni.

Mwalimu Mstaafu: Mwalimu huyohuyo anayechoka asubuhi ili afundishe jioni? Mnaua skuli kisha mnaililia.

Bi Mkubwa Wete: Dada wa Chwaka, karatasi yenye muhuri nilikuwa nayo. Jina lilisomwa vilevile.