Albamu ya gitaa kavu kwa ajili ya nyumba ya wajawazito: tuanzie wapi?

Binti wa Ipuli

Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora mjini, napiga gitaa kavu na kuimba. Tumekusanyika wapigaji tisa tusiotumia umeme kabisa: kuna mzee wa zeze kutoka Uyui, kijana wa marimba, vijana wawili wa kwaya wanaopokezana sauti vizuri sana, na mama mmoja anayeimba nyimbo za harusi kwa kayamba tu. Tunataka kutoa albamu moja ya pamoja, kila mtu wimbo wake, na mapato yote yaende kwenye kituo cha afya kimoja barabara ya Sikonge.

Kituo hicho kina nyumba ambayo wajawazito wa vijiji vya mbali huja kusubiri siku zao zikikaribia. Wengi wanatoka ndani porini, kwenye mashamba ya tumbaku, na masika yakikolea hata pikipiki haifiki kwao. Mganga mfawidhi ametuambia kinachokosekana: magodoro, vyandarua, taa za sola na jiko la nje. Sasa hivi kila mama anakuja na sufuria yake na mafiga yake.

Tumekwama kwenye mambo haya. Prodyuza mmoja wa mjini anataka kutuwekea biti. Wengine wanasema tutupie YouTube tu basi. Halafu tunatamani sana kuimba upya nyimbo mbili za bendi za zamani za hapahapa Tabora. Aliyewahi kufanya kitu cha namna hii anisaidie.

Dogo wa Isevya

Dada, CD nani anasikiliza siku hizi? Pandisha YouTube, Boomplay na Spotify, pesa itaingia yenyewe. Na biti muiweke hata kidogo, gitaa tupu vijana wataruka.

Mzee Galatoni

Binti, nimeisoma habari yako mara mbili, nimefurahi sana. Mimi nilijifunza gitaa mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora, kwenye galatoni la kuazima, ndivyo tulivyoliita gitaa kavu, kisha nikafanya kazi ya kurekodi kwaya na ngoma mpaka nikastaafu. Mji huu ulitoa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukatoa Nyanyembe Jazz, ukatoa Tabora Jazz ya Shem Karenga. Nikisikia mtoto wa Ipuli anamtafuta mzee wa zeze akae naye kwenye albamu moja, siwezi kunyamaza.

Nianze na pesa, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Mwaka 1971 wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya onyesho kubwa New York kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Onyesho lenyewe liliingiza kama dola 243,000, halafu ikatoka albamu ya sahani tatu iliyouzwa dunia nzima. Lakini utaratibu wa kisheria wa kuitambua kazi ile kuwa ya hisani haukuwa umekamilishwa mapema, kwa hiyo pesa nyingi za albamu zilishikiliwa miaka mingi kwa mambo ya kodi. Watu wenye majina yale, nia njema ile, na walengwa wana njaa! Kwa hiyo binti, kabla hujamgusa mtu wa studio, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii mkasajili kikundi chenu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na mmoja wao asiwe mpigaji. Mganga mfawidhi aandike barua yenye vitu, siyo kiasi cha pesa: magodoro mangapi, vyandarua vingapi, taa ngapi. Mnunue vitu wenyewe, mvikabidhi kwa maandishi mbele ya kamati ya kituo. Mnunuzi wa albamu akiuliza pesa yake imeenda wapi, unamwonyesha godoro.

Sasa nimjibu mdogo wangu wa Isevya. YouTube wekeni, hakuna ubaya, watu watawajua. Ila usimwambie dada kwamba pesa itaingia yenyewe. YouTube ili ikupe mgawo wa matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Spotify tangu 2024 haiulipi wimbo ambao haukufikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Mama wa kayamba atatoa wapi namba hizo kwa wimbo wa kumsindikiza bwana harusi? Na wajawazito hawa wanahitaji magodoro kabla ya masika haya, siyo kusubiri namba zipande.

Uzeni mkononi. Bajaji na Hiace za Tabora zote zinapiga flashi, kwa hiyo wekeni albamu kwenye flashi, na kikaratasi chenye maneno ya nyimbo na picha ya kila mpigaji na chombo chake. Bei iwe shilingi 10,000, mtu anajua kabisa anachangia. Wauzie watu wa stesheni, treni za Kigoma na Mwanza zinaachana hapahapa na abiria wana muda wa kusikiliza. Nanenane inakuja Ipuli, mlangoni pako kabisa, wakati ambao wakulima wa tumbaku wengi wameshauza. Ombeni meza moja tu, mzee wa zeze akae apige mwenyewe, msiweke spika.

Mtasema flashi itanakiliwa. Itanakiliwa, tena siku ya kwanza. Basi mwanzoni mwa kila wimbo mwekeni mkunga wa kituo aseme kwa sauti yake, sekunde kumi na tano hivi: mimi nahudumia akina mama wanaosubiri kujifungua, ukiupenda wimbo huu changia kwa lipa namba hii. Namba iwemo ndani ya wimbo wenyewe. Kila nakala itakayozaliwa kwenye vibanda vya kuingiza miziki itatembea na namba yenu mpaka Nzega na Urambo.

Na biti, hapana. Hili nalisema kwa moyo wote. Zeze lina nyuzi chache na sauti nyembamba inayokwaruza kidogo pale upinde unapoanza kutembea, na uzuri wake wote uko kwenye huo mkwaruzo. Ukiweka ngoma ya kompyuta juu yake, kinachobaki ni ngoma ya kompyuta. Msirekodi hata studio. Tafuteni nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa lisilo la bati, kama zile za upande wa Kwihara. Udongo haurudishi mwangwi mkali. Tandikeni mkeka chini, tundikeni blanketi mlangoni, kaeni nusu duara, na kinasa sauti kimoja kizuri kiwekwe katikati. Asiyesikika asogee, anayefunika wenzake arudi nyuma. Hivyo ndivyo mtakavyochanganya sauti, kwa miguu yenu. Rekodini kiangazi, saa kumi na moja alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka na kabla nyenje hawajaanza.

Mwana wa Kaliua

Shikamoo mzee. Niongezee kwenye nyimbo za zamani, kwa sababu mzee hakufika huko na nimesomea mambo haya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo dada, kufa kwa bendi hakufanyi wimbo uwe wa kila mtu. Mtafuteni mtunzi, au familia yake, mpate ruhusa ya maandishi. Mkiupiga upya wenyewe, mnahitaji ruhusa ya mtunzi. Mkitaka kukata kipande cha kanda ya zamani iliyorekodiwa Redio Tanzania, hiyo ni haki nyingine na mlango wake ni TBC, shirika la utangazaji la taifa lililorithi kanda hizo. Nyimbo za jadi nazo zina sehemu yake kwenye sheria hiyohiyo, ulizeni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kupitia afisa utamaduni wa manispaa. Na ninyi tisa, kila mmoja asaini karatasi kwamba anaruhusu wimbo wake utumike kwenye albamu hii tu, na utunzi unabaki wake. Andikisheni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yenu, siyo jina la kikundi peke yake.

Binti wa Ipuli

Mzee wangu shikamoo, na kaka wa Kaliua asante sana. Nimewasomea wenzangu jana jioni. Mama wa kayamba ameuliza kitu: yeye hutunga papo hapo, maneno hubadilika kila harusi. Atasaini wimbo upi? Halafu mzee wa zeze hapendi mkao wa nusu duara, anasema yeye hupiga akiwa amesimama na anatembea.

Mzee Galatoni

Marahaba mwanangu. Huyo mama mrekodini kwenye harusi ya kweli, mkiwa mmepata idhini ya wenye harusi. Atakachoimba siku hiyo ndicho wimbo wake, mwandike maneno baada ya kusikiliza, mumsomee, akikubali ndipo asaini. Akina mama wakipiga vigelegele katikati, msivikate.

Mzee wa zeze mwacheni atembee. Wekeni kinasa sauti chini ya mlango, yeye aanzie uani aje akiingia, sauti ikue taratibu. Huo ndio uwe wimbo wa kwanza wa albamu.

Mwana wa Kaliua

Hapo kwa mama, mzee umenena. Hata sheria inalinda kazi tangu pale inapotungwa, karatasi ni ushahidi tu. Dada, nikiwa Tabora wiki ya Nanenane nitapita kwenye meza yenu. Niwekeeni flashi kumi, nazipeleka Kaliua stesheni.

Dogo wa Isevya

Nimeelewa wazee. Dada, mimi nina kinasa sauti kizuri na hedifoni, nafanya kazi ya kurekodi mahubiri. Nakuja nacho bure. Niambieni tu alfajiri ya siku gani, na nyumba ipo Kwihara upande upi.