Buji, delko, sasa moteri nzima: mafundi wa Bukavu, mnapima au mnabahatisha?

Wandugu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Miezi miwili, garaji tatu, dola 210, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye kichujio cha kitambaa kinachoenea kiganjani.

Gari ni RAV4 ya 1996, usukani kulia, moteri 3S-FE ya lita mbili. Asubuhi inawaka mara moja. Natoka Nguba hadi Feu Rouge bila shida yoyote. Nikianza kupanda Kadutu na watu wanne ndani, katikati ya mlima nguvu zinakwisha. Nakanyaga hadi chini, gari inatambaa, pikipiki nyuma yangu zinapiga honi kama kwenye harusi. Haizimi, inachoka tu. Nikiegesha pembeni dakika kumi kisha nikawasha, inapanda kama mbuzi. Siku mbili haifanyi kitu, ya tatu inarudia.

Hizo dakika kumi zishikeni. Mafundi wote watatu niliwaambia habari yake na hakuna aliyeisikia.

Wa kwanza alitoa jibu kabla sijafungua boneti: "Papa, hii ni buji." Buji nne (plagi za kuwasha moto ndani ya moteri) na waya zake, dola 55. Siku nne gari ikatembea vizuri, nikampigia simu kumshukuru, mjinga mimi. Ugonjwa wa kuja na kuondoka ni biashara nzuri kwa fundi: badilisha chochote unachotaka, hata raba za mlango, kesho gari itatembea, maana ingetembea hata usingeigusa. Siku ya tano nikakwama palepale. Nikamrudia. "Basi ni delko." Kifuniko cha delko, inayogawa moto kwa buji, na bobini ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika, inayozalisha moto huo: dola 90. Moto wa buji ukikatika gari hushtuka, hukohoa, hurusha. Yangu haikushtuka hata siku moja, ilikuwa inazama taratibu kama mtu anayekosa pumzi. Nilimweleza hivyo kwa mdomo wangu, akaniambia magari ya Japani yana tabia nyingi.

Wa pili angalau alijua kitu. Kwenye kile kisanduku cha karibu na moteri aliunganisha matundu mawili ya kupimia, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akaweka kontakti bila kuwasha moteri, tukaangalia taa ya moteri kwenye tablo. Ikapepesa haraka haraka bila kupumzika, yaani hakuna kosa lililoandikwa. Hapo ndipo elimu yake ilipoishia. "Hakuna kosa, Papa. Ni mulima tu. Gari yote inachokaka huku juu." Ni kweli tuko karibu mita 1,500, na moteri isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake kwa urefu huo. Lakini inazipoteza kila siku! Au Kadutu inashuka Jumatatu na kupanda Jumatano? Na hiyo kompyuta ya 1996 haina kifaa cha kupima presha ya esansi, sasa ingeandika kosa gani? Alibadilisha filtre ya nje ya tangi, dola 45, nikaondoka.

Wa tatu nitamfupisha maana damu inapanda. Alisafisha papiyo, kile kipepeo cha kuingiza hewa kwenye moteri, kwa dola 20, akasikiliza mlio kwa kuinamisha kichwa kama daktari, akasema moteri imekufa, nitafute nyingine ya dola 900. Nikamuuliza kama amepima kompresio, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Akasema sikio lake linatosha.

Aliyeipata ni kijana wa Panzi ambaye hana hata kibao cha garaji. Huyu aliuliza maswali. Inazima au inachoka? Baada ya kilometa ngapi? Ukifungua kifuniko cha tangi wakati imechoka, unasikia upepo ukiingia? (Nilijaribu: hapana, na nguvu hazikurudi, kwa hiyo tangi lilikuwa linapumua.) Halafu swali lililoniumiza: "Papa, esansi unanunuaka wapi?"

Sawa, nakiri. Kuna wiki mbili nilinunua kwa kadafi, wale wachuuzi wa esansi ya bidoni za njano pale barabarani. Nilikuwa na haraka.

Akafunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, mpira mrefu ukapita chini ya boneti, geji yenyewe akaikaza kwenye kifuta kioo ili tuione tukiwa ndani. Ralanti, moteri ikizunguka bila kukanyaga: bar 2.3, safi. Akaniambia kwenye moteri hii ukikanyaga presha inapaswa kupanda kuelekea 3. Tukaanza mlima. Mshale ukagusa 2.8, ukakaa kidogo, kisha ukaanza kushuka mbele ya macho yangu: 2, 1.5, 1.2, na gari ikachoka pamoja nao. Tukasimama, tukangoja, tukawasha. 2.3.

Pompu ikatolewa kwenye tangi. Kile kichujio kinachovaliwa chini yake kama soksi kilikuwa cha kahawia, kimejaa kutu na uchafu laini kama unga wa mhogo uliolowa. Mafuta yakivutwa kwa nguvu mlimani, uchafu unanata kwenye kitambaa na kuziba. Ukizima, hakuna kinachovuta, uchafu unadondoka, njia inafunguka. Dakika kumi! Kuosha tangi, kichujio kipya na kazi yake: dola 30, hazimo kwenye zile 210. Wiki ya tatu hii napanda Kadutu nimejaza watu.

Jumamosi nilirudi kwa yule wa kwanza kudai bobini yangu ya zamani, ile "iliyokufa". Akasema alishaitupa. Mwanafunzi wake, mtoto mnyoofu ambaye bado hajajua kazi, akadakia: "Hapana, mukubwa, si tuliifunga kwa ile RAV4 ya bluu? Mwenyewe alisema inatembea muzuri."

Mwenye RAV4 ya bluu, kama unasoma hapa: hiyo bobini ni yangu.