Mpangaji anadaiwa miezi minne, simu hapokei, kaka anataka kung'oa mlango. Naombeni ushauri

BintiKimanga: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Marehemu baba alituachia nyumba Tabata Kimanga. Mimi naishi Morogoro na mama, na kodi ya pale ndiyo inayomnunulia dawa za presha. Mpangaji wa chumba na sebule analipa 150,000 kwa mwezi, miezi mitatu mitatu. Mwaka wa kwanza hakunisumbua hata siku moja. Kodi yake iliisha mwisho wa Januari, akaomba nimvumilie, nikavumilia. Tangu Aprili simu hapokei, meseji anasoma hajibu. Wenzake wanasema anarudi saa tano usiku na kutoka alfajiri. Sasa ni Juni, deni limefika 600,000 bila kuhesabu mwezi huu. Kaka anataka kwenda Jumamosi na fundi wang'oe mlango. Moyo wangu unasita.

Mzee wa Rangi Tatu: Marahaba binti. Mzuie kaka yako leo hii. Mimi nilimwekea mpangaji kufuli juu ya kufuli lake. Kesho yake naitwa polisi, anadai ndani kulikuwa na milioni mbili taslimu. Ningethibitishaje kwamba hazikuwepo? Nilimsamehe deni lote na bado nikampa hela ya kuhamia.

Kigogo88: Mkateni umeme na maji, atajitokeza mwenyewe.

Wakili Mtaani: Usimkatie, dada. Utampa la kusema mbele ya baraza, na wewe ndiye mwenye haki hapa. Achana na simu, andika barua: miezi unayodai, jumla yake, na siku 30 za kulipa au kuhama. Nakala tatu: yake, ya ofisi ya serikali ya mtaa, na yako iliyogongwa muhuri. Nenda na mjumbe akashuhudie anapokabidhiwa. Kisha mwombe mwenyekiti amwite. Wengi wanaomkwepa mwenye nyumba hawamkwepi mwenyekiti, maana barua ya utambulisho ya kazini au benki wanaifuata kwake.

Ikishindikana hapo, Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 wao wanasuluhisha tu, hawaamui. Siku 30 zikipita bila suluhu unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na amri ya kumtoa inatoka huko. Tunza mkataba na miamala yote ya zamani, inaonyesha kiwango alichokuwa analipa.

Swali moja: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama hamjateua, anzeni na hilo kabla ya barua yoyote.

BintiKimanga: Ni mama, barua ya mahakama ya mwanzo ipo.

Wakili Mtaani: Basi barua isainiwe na mama, si wewe wala kaka.

Mama Careen: Mdogo wangu, niliwahi kuwa mpangaji huyo. Kazi ilipoisha nilikuwa naingia ndani gizani, siwashi hata taa, kwa aibu. Mama mwenye nyumba aliniandikia: "Sitakugombeza, niambie tu unaweza kiasi gani." Usiku huohuo nilimgongea. Muandikie hivyo hata kama barua ya mwenyekiti inaenda.

BintiKimanga: Wapendwa, narudi na majibu baada ya siku kumi. Nilimwandikia kama dada Careen alivyosema, hakujibu. Ila wito wa mwenyekiti ulimleta. Alipunguzwa kazini Machi, mke na mtoto amewarudisha kwao. Ametoa 200,000 palepale. Amekubali kuhama ifikapo 31 Julai, na deni lililobaki atalipa 100,000 kila mwezi. Kaka ndiye aliyeandika makubaliano, mama akasaini, mwenyekiti akagonga muhuri. Akishahama nitampata wapi?

Wakili Mtaani: Kabla hajahamisha hata kiti, mdai mdhamini atakayesaini karatasi hiyo hiyo, ndugu au mtu wa kazini kwake wa zamani, na uchukue nakala za vitambulisho vya NIDA vya wote wawili.

BintiKimanga: Kaka anakwenda kwa mwenyekiti kesho asubuhi. Mungu awabariki.