Safari ya Jinja: gumzo la kikundi cha familia

*Ijumaa usiku*

Baba Neema: Shikamoo Mama. Wengine habari za jioni. Nimeongea na Leti, Desemba hii tunakwenda kwake Jinja, Uganda. Tunalala kwenye mahema kando ya Nile, tunapiga makasia kwenye kayaki, tunavua. Gari langu lina viti saba. Nani yumo?

Masanja: Nimo kaka. Ndoano naanza kuzipanga leo hii.

Neema: Nimo Baba. Chuo tutakuwa tumefunga.

Shangazi Leti: Karibuni sana. Uwanja wa kambi nimeshaukagua. Choo kisafi, usiku kuna mlinzi, na mahema yanawekwa juu, mbali na ukingo.

Mama Neema: Kulwa na Doto wamesoma kabla yangu, hapa nyumbani hakukaliki.

Bibi: Marahaba mwanangu. Hao mapacha hawaendi majini.

Masanja: Mama, tutakuwa nao muda wote.

Bibi: Masanja, hata kwenye meli ya MV Bukoba iliyozama watu walikuwa na wenzao. Mwezi wa tano 1996 nilishinda bandarini nasubiri jina la dada yangu lisomwe. Amelala makaburini Igoma pale. Usiniambie habari za kuwa nao.

Shangazi Leti: Pole Mama.

Mama Neema: Mimi nasimama na Mama. Sifungi begi la mtoto mpaka nielezwe. Hiyo kayaki ni mtumbwi? Inapinduka?

Baba Neema: Inapinduka, sitawadanganya. Lakini sikilizeni. Ile meli ilibeba watu kupita uwezo wake, na ilipolala wengi walikuwa ndani, hawakuwa na pa kutokea. Kayaki tutakazokodi ni zile za kukalia juu. Hakuna chumba. Ikipinduka unaanguka majini na jaketi lako mwilini, na yenyewe inabaki inaelea, unaishika. Watoto hawatakaa peke yao, kila mmoja na mtu mzima. Tena hatuendi kwenye maji ya kasi.

Bibi: Nile yote si maji ya kasi? Nimeiona kwenye televisheni.

Shangazi Leti: Siyo yote Mama. Inapotoka Ziwa Victoria palikuwa na maporomoko ya Ripon, yakafunikwa bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likafunguliwa 1954. Ukishuka kama kilomita 8 palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Nayo yalifunikwa na bwawa jingine la umeme lililozinduliwa 2012. Nyuma ya ukuta ule maji yametulia, ndipo watu wanapojifunzia kayaki. Kambi yetu iko upande huo huo. Maji makali yamebaki chini zaidi, Itanda na Kalagala. Itanda tutakwenda kuangalia tukiwa juu ya miamba, basi.

Bibi: Na wenye mahali wanasemaje? Maporomoko hayafunikwi hivi hivi.

Shangazi Leti: Umeuliza jambo zito Mama. Kwa Wasoga, Bujagali ni mzimu, na pale palikuwa makao yake. Kabla ya ujenzi palikuwa na mvutano na matambiko ya kumhamisha. Wapo wasiokubali mpaka leo kwamba alihama. Nitawapitisha kwa wazee tuwasalimie kwanza.

Bibi: Hapo sawa. Kwa watu unapiga hodi.

Bibi: Lakini mapacha bado sijasema ndiyo. Nataka nione wanavyoogelea kwa macho yangu. Na hayo majaketi nayataka hapa nyumbani niyashike.

Baba Neema: Sawa Mama. Kesho.

*Jumamosi*

Neema: [Picha] Tuko bwawani. Bibi amekaa kwenye kiti mwanzo wa bwawa, hataki hata soda.

Mama Neema: Kulwa amekwenda na kurudi bila kushika ukingo. Doto anachoka katikati, ila anajilaza chali, anapumzika, anaendelea. Mwalimu anasema hicho ndicho kinachookoa kuliko mbio.

Masanja: Jaketi nalo tumelipima. Unamfunga mtoto kamba zote, kisha unashika mabega ya jaketi unamnyanyua. La kwanza, la bluu, lilipanda likamfunika Doto masikio. Maana yake ni kubwa, majini lingemtoka kichwani. Tukamvika la chungwa lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Nikamnyanyua mpaka miguu ikaacha sakafu, jaketi halikusogea. Mama akasema rudia. Nikarudia. Akamnyanyua na yeye.

Baba Neema: Na filimbi ifungwe kwenye jaketi, siyo shingoni.

Bibi: Waende. Masharti matatu. Jaketi halivuliwi mpaka mguu uguse nchi kavu, hata mkipiga picha. Jua likianza kushuka, watu wote juu. Na Masanja asinywe siku ya majini.

Masanja: Nimekubali Mama, mbele ya kikundi chote.

Mama Neema: Basi na mimi nasema la kwangu. Kadi ya homa ya manjano kila mtu, mchome wiki hii, maana inaanza kutambuliwa baada ya siku 10. Hati za safari za mapacha tunakwenda Uhamiaji Jumatatu. Njia ni Sirari, tunalala Kisumu, kisha Busia.

Masanja: Sasa tuje kwenye samaki. Leti, sangara wapo?

Shangazi Leti: Wapo, na sato. Ila kuvua huku ni kwa kibali, na doria ni kali. Watu wa kambi wana mvuvi mwenye leseni, utatoka naye. Nyavu zako acha Mwanza.

Masanja: Sina haja ya nyavu. Ndoano moja, mshipi mzito, na furu, yule samaki mdogo, akiwa hai kama chambo. Sangara mkubwa hamfuati mfu. Unamtoboa furu nyuma ya pezi la mgongoni aendelee kuogelea, unamwachia mahali mkondo unapozunguka nyuma ya mwamba. Sangara anakaa pale akisubiri chakula kiletwe na maji.

Neema: Baba mdogo, chini ya sentimita 50 unarudisha.

Masanja: Chuo cha uvuvi Nyegezi wamekufundisha vizuri. Narudisha.

Neema: Tena sangara ni mgeni huku juu. Kwao ni Nile ya chini na Ziwa Albert. Maporomoko ya Murchison yana kama mita 43, hakuweza kuyapanda. Watu ndio waliomleta ziwani kwetu miaka ya 1950. Hata sato tunayemwita wa nyumbani aliletwa miaka hiyo hiyo. Wenyeji hasa ni ngege na mbiru, na furu wa kila aina, ambao wengi wao wametoweka.

Bibi: Ngege ndiye niliyekua naye. Baba yangu alikuwa analeta wanaotosha jirani wote. Wajukuu zangu hawajui ladha yake, na hilo linaniuma.

Shangazi Leti: Kabla sijasahau, nasema kama muuguzi. Kichocho kipo Nile kama kilivyo ziwani. Konokono wake wanapenda kwenye majani, pembezoni, maji yasiyokwenda. Kwa hiyo tunaingilia gatini, hatukanyagi matopeni. Mkitoka mnajifuta na taulo pale pale, msisubiri jua liwakaushe.

*Jumapili, wiki ya safari*

Baba Neema: Mtandao umerudi. Mama, wote wazima. Jana tulisalimia wazee kama ulivyoagiza. Leo asubuhi tumeingia majini saa mbili, maji yametulia, hakuna upepo. Mwelekezi alituweka kwanza kwenye maji ya kifua, akapindua kila kayaki kwa makusudi ili kila mtu ajue inavyokuwa.

Mama Neema: Doto alipopinduliwa nilikuwa nimeshika kamba ya gati mpaka viganja vinauma. Alizama kichwa tu, akaibuka, akapiga filimbi kama alivyofundishwa, akashika mpini wa kayaki na kusubiri avutwe. Akaniambia, "Mama, jaketi linakusukuma lenyewe." Nimelia, nasema ukweli.

Bibi: Mungu ni mwema. Na Kulwa?

Neema: Kulwa yuko na mimi mbele, anahesabu ndege. Mnandi wamejaa kwenye mti mkavu uliosimama majini, na mdiria anajitupa kama jiwe karibu kabisa na kasia. Tai-mvuvi tumemsikia kabla ya kumwona.

Masanja: [Picha] Sangara wa kwanza, sentimita 38. Amerudi kwao. Hao sato wawili ndio mboga ya leo, Leti anawakaanga na ndimu.

Masanja: Kuna mmoja alinivuta mpaka mshipi ukanikata kidole. Aliruka, akatikisa kichwa, ndoano ikatoka. Nimemwona ubavu wote. Tumbo lake hilo, siwezi kulala.

Bibi: Kidole umekiosha?

Shangazi Leti: Nimekiosha mimi Mama, nimekifunga.

Baba Neema: Mchana tulikwenda Itanda. Mama, hata kuongea hamsikilizani. Wapo vijana wa hapa hapa Jinja wanaoshuka maji yale kwa kayaki ndogo, wanapotea kwenye povu, wanatokea mbali. Mapacha walishika mikono yangu bila kuambiwa.

Bibi: Wamejifunza kuheshimu maji. Saa ngapi mmetoka kwenye maji leo?

Mama Neema: Saa kumi na nusu Mama, jua bado lipo juu.

Bibi: Asanteni.

Shangazi Leti: Wote mlioingia majini, mnisome vizuri. Dawa ya kichocho haiui minyoo michanga, kwa hiyo msikimbilie kumeza mkifika nyumbani. Subirini wiki sita mpaka nane, yaani mwisho wa Januari kwenda mbele. Na msinunue dukani kwa kukisia, dozi inapimwa kwa uzito.

Bibi: Nimeandika kwenye kalenda. Mapacha nitawapeleka mwenyewe kituo cha afya. Na wewe Masanja utakuja nao.

Masanja: Nitakuja Mama.